Galaksi Haiwekwi kwa Mkono

Mwanzoni mwa Novemba, mvua zikiwa bado hazijafika Singida, anga la Mandewa humpa mtazamaji kitu ambacho watu wa sehemu nyingi za dunia hawakipati. Ikitimu saa nne na nusu usiku, jitenge na taa za mji, jikinge nyuma ya jiwe kubwa (na kwa mawe makubwa Singida haijawahi kupungukiwa), yaache macho yazoee giza, kisha elekea kaskazini. Katikati ya upeo wa macho na utosi kuna doa hafifu la mwanga. Hiyo ni galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Sasa geuka kusini. Chini zaidi, robo ya njia ya kwenda utosini, kuna doa la pili: Wingu Dogo la Magellan, miaka ya nuru kama 200,000 kutoka hapa. Na upande wa kusini mashariki, karibu na ardhi, Wingu Kubwa la Magellan ndiyo kwanza linapanda, miaka ya nuru 160,000. Galaksi tatu zilizo nje ya ile tunayoishi, zote kwa macho matupu, zote kwa saa moja. Aliye London hayaoni kabisa Mawingu ya Magellan, na aliye Cape Town huiona Andromeda kwa shida, ikiwa imelala chini upande wa kaskazini. Sisi tulio nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta tumepewa pande zote mbili.

Madoa hayo yalifikaje pale? Kungoja ili tuone hakuwezekani. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, huchukua zaidi ya miaka milioni 200 kujizungusha mara moja, na hakuna maabara ya kuchanganyia gesi yenye uzito wa majua bilioni mia. Kilichobaki ni kuiga: kuandika kanuni za asili ndani ya kompyuta, kuweka hali ya mwanzo, kisha kuipitisha miaka bilioni 13.8 katika wiki au miezi kadhaa ya mashine.

Ufundi huo una mwiko wake. Fundi anaruhusiwa kuweka maada, anaruhusiwa kuweka kanuni za uvutano na za joto la gesi, anaruhusiwa kuweka mwanzo. Galaksi yenyewe haruhusiwi kuiweka. Haruhusiwi kuchora mkono wa galaksi wala kusogeza nyota hata moja ili picha ipendeze. Zikitokea, zimetokea zenyewe. Zisipotokea, anarudi kwenye kanuni kutafuta alichokisahau. Nimezisoma kazi za watu hawa kwa miaka, na kinachonivuta kwao kuliko ukubwa wa mashine zao ni huko kujizuia.

Kazi ilianza bila kompyuta. Mwaka 1941 Erik Holmberg, Mswidi wa Lund, alitaka kujua nini hutokea galaksi mbili zinapopitana kwa karibu. Hesabu zake zilihitaji kujumlisha mvuto wa kila sehemu juu ya kila sehemu nyingine, tena na tena, kazi ambayo mtu mwenye kalamu angeishia kuikimbia. Holmberg akakumbuka kwamba nguvu ya uvutano hupungua kwa mraba wa umbali, na mwanga wa taa nao hupungua vivyo hivyo. Akatengeneza galaksi mbili za balbu, balbu 37 kila moja, zimepangwa duara ndani ya duara juu ya meza kwenye chumba cha giza. Alipotaka kujua balbu fulani inavutwa kiasi gani, aliiondoa, akaweka mahali pake kifaa cha kupima mwanga, akasoma mwanga unaotoka upande huu na upande ule. Kipimo hicho kilimwambia mvuto na mwelekeo wake. Akakokotoa balbu ile ingesogea wapi kwa muda mfupi ujao, akaweka alama, akaenda kwenye ya pili, hadi zote 74. Kisha akazisogeza zote, akaanza upya. Hatua baada ya hatua meza ile ilionyesha galaksi zikivutana umbo, zikitoa mikono, na wakati mwingine zikipoteza mwendo kiasi cha kunasana. Mikono ile hakuichora yeye. Aliipata mezani.

Napenda kukaa na meza ile kwa sababu kila kilichokuja baadaye kilikuwa ndani yake tayari: nukta chache zinazosimama badala ya maada nyingi, nguvu inayopimwa mahali pa kila nukta, hatua ndogo ya wakati, na kurudia bila kuchoka. Jim Peebles alipokuja kuiga kundi la galaksi la Coma mwaka 1970 alikuwa na kompyuta na nukta 300. Mwaka 1985 Marc Davis, George Efstathiou, Carlos Frenk na Simon White walitumia nukta 32,768, na kwa nukta hizo, ambazo simu ya leo isingezihesabu kuwa mzigo, walisaidia kuibadilisha picha ya ulimwengu. Walikuwa wakijaribu wazo kwamba sehemu kubwa ya maada haiangazi, haigusani na mwanga, na inajulikana kwa mvuto wake tu: maada ya giza. Kazi yao ya miaka miwili kabla ilikuwa imeonyesha kwamba kama maada hiyo ingekuwa chembe nyepesi ziendazo mbio, zile ziitwazo nyutrino, galaksi zingerundikana kupita kiasi kuliko tunavyoziona angani. Maada ya giza ilipaswa kuwa baridi, yaani ya mwendo wa pole. Nukta elfu thelathini na kidogo zilitosha kuitoa nyutrino mashindanoni.

Hali ya mwanzo nayo haichaguliwi kwa kupenda. Ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 ulitoa mwanga ambao bado unatufikia kutoka kila upande, na setilaiti ya Planck iliupima kwa umakini mkubwa. Mwanga huo unakaribia kuwa sawa kila mahali. Tofauti yake ni sehemu moja katika 100,000. Mawimbi hayo madogo ndiyo mbegu za kila galaksi, na fundi anapaswa kuanza nayo yalivyo. Hapo hukutana na tatizo ambalo mtu wa nje hawezi kulidhania. Ukitaka kuweka tofauti ndogo hivyo, sharti kwanza uwe na usawa. Ukizimwaga nukta ovyo, bahati peke yake itakutengenezea mafungu makubwa kuliko mbegu zenyewe. Ukizipanga kwa safu na mistari iliyonyooka, mistari ile itajionyesha baadaye mahali ambapo asili haina mistari. Dawa aliyoileta Simon White ni ya kustaajabisha: zimwage ovyo, kisha igeuze alama ya uvutano ili nukta zisukumane badala ya kuvutana. Ziache zikimbiane mpaka kila moja ipate nafasi yake mbali na majirani. Unapata usawa usio na mistari wala mafungu. Hapo unarudisha alama ya uvutano, unaisogeza kila nukta kidogo tu kwa njia aliyoionyesha Yakov Zel'dovich mwaka 1970, na ulimwengu uko tayari kuanza, ukiwa na umri wa miaka milioni kumi na kidogo.

Kinachofuata ni uvutano kufanya kazi yake. Sehemu iliyokuwa na maada zaidi kwa kiasi kidogo huvuta jirani zake, inakuwa na zaidi, inavuta zaidi. Maada ya giza hujikusanya katika kuta, kuta zinaingia katika nyuzi, nyuzi zinakutana katika mafundo, na fundo ndilo nyumba ya galaksi. Mtu wa Singida anaweza kuelewa kazi ya gesi kwa kufikiria mvua ya masika: maji huanguka kila mahali, lakini yanakuja kukaa katika maziwa ya Singidani na Kindai, kwa kuwa huko ndiko ardhi ilikozama. Maada ya giza ndiyo iliyochimba mabonde. Gesi ya kawaida inateremka humo, inapoteza joto kwa kutoa mwanga, inazama zaidi, inabana, na katikati ya bonde nyota zinazaliwa. Simon White na Martin Rees waliieleza njia hiyo mwaka 1978, na hadi leo ndiyo uti wa mgongo wa fani nzima.

Anayetaka kuonja ufundi huu kwa vidole vyake hahitaji mashine ya Ulaya. Kompyuta ya mkononi na programu ya Python vinatosha. Chukua nukta mbili tu, Jua na Dunia. Njia ya kwanza inayomjia kila mtu akilini ni hii: pima mvuto ulivyo sasa, sogeza Dunia kwa kasi iliyonayo, ongeza kasi, rudia. Iendeshe kwa miaka mingi ya kompyuta uone. Dunia inatanga, kila mzunguko uko nje zaidi ya uliopita, kana kwamba kuna mkono unaoisukuma kutoka jua. Kila hatua ina kosa dogo, na makosa yote yanaegemea upande mmoja. Sasa badilisha mpangilio tu: ongeza kasi kwa nusu hatua, sogeza Dunia hatua nzima, pima mvuto upya, ongeza nusu iliyobaki. Mistari ya programu ni karibu ileile, kazi ya mashine ni karibu ileile, na Dunia inarudi kwenye njia yake mwaka baada ya mwaka. Kosa bado lipo, lakini linakwenda na kurudi na halijilimbikizi. Uigaji mkubwa kabisa wa galaksi hutegemea mpangilio huo huo. Aliyeona mizunguko hiyo miwili ikichorwa kwenye kioo kimoja hawezi tena kuona hesabu za namna hii kuwa kazi kavu.

Nukta zikiongezeka yanakuja mambo mengine. Nukta mbili zikikaribiana mno, mvuto kati yao hupaa kuelekea ukomo na zinarushwa nje ya galaksi kwa kasi ya ajabu. Fundi huubutua mvuto chini ya umbali fulani, na hiyo si hila: nukta yake haisimami badala ya kitu kimoja kigumu bali maada iliyotandazwa yenye uzito wa mamilioni ya majua, na maada iliyotandazwa haina ncha. Kisha kuna wingi. Uigaji ulioitwa Millennium, uliochapishwa mwaka 2005 na timu ya Volker Springel, ulikuwa na nukta bilioni 10. Jozi za nukta hizo ni idadi yenye tarakimu 20, na hakuna mashine ya kuzipitia moja moja kwa kila hatua. Josh Barnes na Piet Hut walikuwa wameonyesha njia mwaka 1986: gawa nafasi katika masanduku manane, kila sanduku katika manane mengine, na endelea. Kundi lililo mbali lihesabu kuwa kitu kimoja. Lililo karibu lifungue. Kujua ni umbali gani unaruhusu kutofungua sanduku ni uamuzi wa fundi, na uamuzi huo hupimwa kwa kulinganisha na hesabu kamili katika mifano midogo kabla haujaaminiwa kwenye mkubwa.

Kama ulimwengu ungekuwa wa maada ya giza peke yake, hadithi ingeishia hapa na ingekuwa ya ushindi. Gesi ndiyo iliyowatesa mafundi. Iache gesi ipoe na izame kama kanuni zinavyosema, na galaksi zinatengeneza nyota nyingi kupita kiasi, haraka kupita kiasi. Kuna kitu kinachoizuia, na sehemu ya ushahidi wa kitu hicho ilipatikana kwa vyombo vilivyoruka kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei, na Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo NASA, aliipa jina la Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza upande wa sayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Watu huikumbuka Uhuru kwa shimo jeusi la Cygnus X-1, na ni haki yake. Mimi naithamini zaidi kwa jambo jingine: ilikuta makundi ya galaksi, likiwamo lile la Coma ambalo Peebles alikuwa ameliiga, yanang'aa kwa eksirei, na mwanga ule hautoki kwenye galaksi moja moja. Umetanda kundi zima. Ni gesi ya joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na kwa uzito inazishinda nyota zote za kundi mara kadhaa. Miaka minne baadaye, Oktoba 1974, setilaiti ya Waingereza Ariel V iliruka kutoka jukwaa lilelile, na mwaka 1976 watafiti wakatangaza kwamba imeona alama ya chuma ndani ya gesi ya kundi la Perseus.

Chuma! Ulimwengu ulianza na haidrojeni, heliamu na vijipande vya lithiamu. Chuma hutengenezwa na nyota, na hutapanywa zinapolipuka. Basi gesi ile iliyo nje ya galaksi ilipokea vitu kutoka ndani ya galaksi. Galaksi hazimezi tu gesi, zinaitema. Ninapomsikia mtu akisema astronomia kubwa ni mambo ya mbali na sisi, huwa nafikiria jukwaa lile la Malindi na roketi zake mbili.

Kuitema gesi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote ya uigaji, kwa sababu ya ukubwa. Nyota inayolipuka ni kitu kidogo mno mbele ya galaksi, na shimo jeusi la katikati ni dogo vilevile. Katika uigaji wa ulimwengu, kipande kimoja cha gesi kinaweza kuwa na uzito wa majua milioni 18, hivyo nyota nzima na mlipuko wake vimo ndani ya kipande ambacho kompyuta inakiona kuwa kitu kimoja. Hapo fundi analazimika kuandika kwa kifupi kile asichoweza kukifuatilia: gesi ikibana kiasi hiki, sehemu hii igeuke nyota, nyota zikizaliwa kiasi hiki, gesi kiasi hiki irushwe nje kwa kasi hii. Ni mahali pa hatari, kwa kuwa mtu asiye mwaminifu angeweza kuupindisha mwiko hapo na kuziweka galaksi kwa mlango wa nyuma. Waliofanya uigaji wa EAGLE wa mwaka 2015 walisema wazi ni namba zipi walizirekebisha ili idadi na ukubwa wa galaksi za leo ziwiane na anga, kisha wakapima kazi yao kwa mambo mengine ambayo hawakuyarekebishia. Ndivyo inavyopaswa kuwa: taja ulichoshika, pimwa kwa ambacho hukushika.

Njia nyingine ni kuomba msaada kwa jirani wa karakana. Romeel Davé, akiwa Chuo Kikuu cha Western Cape nchini Afrika Kusini, aliongoza uigaji ulioitwa Mufasa, uliochapishwa mwaka 2016 na kuendeshwa kwenye mashine ya chuo hicho iliyoitwa Pumbaa. Mwaka 2019 ukafuata Simba, wenye vipande vya gesi zaidi ya bilioni moja na nukta za maada ya giza idadi hiyohiyo, katika sanduku la miaka ya nuru kama milioni 480 kila upande. Miongoni mwa walioutia saini ni Mika Rafieferantsoa wa Madagaska. Kanuni ya upepo wa gesi hawakuibuni kwa kukisia. Waliichukua kwenye uigaji wa FIRE wa Philip Hopkins na wenzake, ambao huchukua galaksi moja moja na kuzifuata kwa karibu sana mpaka milipuko ya nyota inaonekana ikifanya kazi yake. Anayeona karibu anampa kanuni anayetaka kuona mbali. Kwa mashimo meusi, Simba hutenganisha njia mbili za kula, ya gesi baridi na ya gesi ya moto, na shimo kubwa linalokula kidogo huanza kurusha mikondo ya gesi kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Galaksi kubwa zikaacha kuzaa nyota, kama zile tunazoziona angani, na hakuna aliyeziambia ziache.

Nisipite bila kutaja kwamba kuna mafundi wa modeli karibu zaidi na Singida. Katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Jefta Sunzu hufanya kazi na milinganyo ya Einstein na Maxwell kutafuta nyota zilizobana kupita kiasi, zile ambazo huenda zimejaa chembe ziitwazo kwaki, zinaweza kuwa na umbo gani na shinikizo gani. Kazi yake na Sunil Maharaj na Subharthi Ray kuhusu nyota hizo ilichapishwa mwaka 2014. Ni ufundi wa aina tofauti: jibu kamili la mlinganyo, lililopatikana kwa aljebra, mstari juu ya mstari, badala ya nukta bilioni. Anayedhani modeli ni lazima iwe ya kompyuta kubwa na azisome kurasa zile.

Turudi kwenye zile galaksi tatu za Novemba, kwa kuwa uigaji umezigusa moja kwa moja. Kwa muda mrefu Mawingu ya Magellan yalidhaniwa kuwa watumwa wa zamani wa Njia Nyeupe, wameizunguka mara nyingi. Mwaka 2006 Nitya Kallivayalil na wenzake wakapima mwendo wao kwa darubini ya Hubble, mwendo mdogo angani ambao ulihitaji picha kali na subira, na kasi ikatoka kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Gurtina Besla na wenzake wakairudisha njia yao nyuma ndani ya kompyuta mwaka 2007, na njia ikaonyesha kwamba huenda ndiyo mara yao ya kwanza kutupitia. Wageni, kumbe, waliofika juzi kwa kalenda ya galaksi.

Na kuhusu Andromeda, vitabu vilikuwa vimeshaandika hukumu: itagongana na Njia Nyeupe baada ya miaka bilioni 4 hivi. Roeland van der Marel na wenzake walilisema hilo mwaka 2012 kwa vipimo vya Hubble, na lilikuwa hitimisho la haki kwa data za wakati ule. Mwaka 2025 Till Sawala wa Helsinki na wenzake waliifungua hesabu upya. Walichukua vipimo bora vya Hubble na vya setilaiti ya Gaia, lakini wakakataa kuchukua namba moja ya katikati kwa kila kipimo. Kila kipimo kina wasiwasi wake, nao wakauingiza wasiwasi wote: uzito unaweza kuwa huu au ule, mwendo wa pembeni huu au ule, na wakaendesha njia hizo kwa makumi ya maelfu. Waliongeza pia galaksi ya M33 na Wingu Kubwa la Magellan. M33 iliongeza uwezekano wa kugongana. Wingu Kubwa, doa lile linalopanda kusini mashariki, liliupunguza, kwa sababu linaivuta Njia Nyeupe kwa upande usioelekea Andromeda. Matokeo: katika miaka bilioni 10 ijayo, uwezekano wa galaksi hizo kuungana ni kama nusu kwa nusu. Wengine waliliona hilo kuwa kurudi nyuma, kutoka kujua hadi kutojua. Kwangu ni kazi safi kuliko ile hukumu ya awali, maana namba ile ya nusu imebeba ndani yake kila kitu ambacho vipimo vyetu bado havijakibana.

Usafi huohuo unaonekana pale karakana mbili zinapopishana. Mradi wa CAMELS, ulioanza kuchapishwa mwaka 2021, umekusanya maelfu ya uigaji mdogo, mwingi ukitumia fizikia ya Simba kwa upande mmoja na ya uigaji mwingine uitwao IllustrisTNG kwa upande wa pili, huku nguvu za milipuko na mashimo meusi zikibadilishwa kidogo kidogo. Data zake ziko wazi, yeyote anaweza kuzipakua. Ukiangalia galaksi zenyewe, fizikia hizo mbili zinatoa ulimwengu unaofanana na wa kweli kwa kiwango cha kuridhisha. Uliza gesi iko wapi, na zinaachana. Mikondo ya mashimo meusi ya Simba huitupa gesi mbali, mamilioni kadhaa ya miaka ya nuru kutoka kwenye maada ya giza iliyoanza nayo. IllustrisTNG haiitupi mbali hivyo. Zote mbili haziwezi kuwa sahihi.

Gesi hiyo iliyotawanyika ni nyembamba mno kuonekana kwa urahisi, lakini kuna kitu kinachopita ndani yake. Milipuko ya redio ya muda wa sehemu ndogo ya sekunde hutufikia kutoka galaksi za mbali, na elektroni za njiani huyachelewesha zaidi mawimbi ya masafa ya chini kuliko ya juu. Ucheleweshaji huo ni hesabu ya elektroni zote zilizopitiwa. Sahani 64 za MeerKAT, kwenye nyika ya Karoo nchini Afrika Kusini, ni miongoni mwa darubini zinazoinasa milipuko hiyo na kuitafutia galaksi ilikotoka. Kila mlipuko unaojulikana umbali wake ni mstari mmoja wa kipimo kupitia gesi ambayo karakana mbili zinagombania mahali pake, na mistari ikishakuwa mingi vya kutosha, mojawapo italazimika kuandika upya namna mashimo yake meusi yanavyoirusha gesi.